Majoho ya Askofu: Sehemu ya Saba

"Alisema kazi ni nzuri!"

Hapo ndipo nilipokukatia utamu wiki jana, msomaji, na nasikia kuna watu walilitupa gazeti kwa hasira. Liokoteni. Flaviana bado amesimama sebuleni kwake Wheaton, huku Marekani, birika mkononi, na chai inamwagikia zulia la mwenye nyumba.

Kwa aliyeingia leo nitampa mbili tatu, asije akamsumbua jirani. Flaviana ni mshonaji wa majoho ya kwaya. Kiwanda cha Manassas alichokuwa akishonea kimefungwa baada ya majoho ya bei ya kutupa kuingia kutoka ng'ambo. Serikali ya Marekani ina msaada kwa mfanyakazi aliyekosa kibarua kwa namna hiyo. Inamlipia shule ajifunze kazi nyingine, na inamshika mkono wakati anasoma.

Ila msaada hauji kwa kupiga miluzi. Wafanyakazi watatu waweke sahihi kwenye ombi, kisha aje mchunguzi ahakikishe kwamba kweli ni bidhaa za nje zilizokiua kiwanda. Watatu wenyewe ni Flaviana, Mama Ghati na Leonard. Wakipita wao, wamepita na wenzao wote. Wakianguka, wote chali. Na sheria yenyewe inafika ukingoni mwisho wa Juni hii ya 2022. Ombi litakalokutwa halijaamuliwa litalala usingizi wa pono.

Mchunguzi anaitwa Jabali. Ni Mmarekani mweusi wa hapa hapa, aliyepewa jina hilo na wazazi wake, akaenda chuo kujifunza Kiswahili ili alistahili. Kiswahili chake kimepigwa pasi mpaka mikunjo yote imekwisha.

"Bwana Jabali," Flaviana alisema, "hebu rudia. Nani alisema kazi ni nzuri?"

"Mama Ghati," Jabali alijibu. "Nilimpigia simu juzi. Nilimuuliza, habari za kazi? Akanijibu, nzuri. Nikamuuliza, na kiwandani je, ni kwema? Akanijibu, kwema kabisa, tunamshukuru Mungu. Basi nikamuaga, nikaandika hivyo. Naomba radhi, lakini niliandika."

Vichwa viligeukia kwenye kochi. Mama Ghati, Mkurya wa upande wa Kenya, mwanamke aliyewafundisha nusu ya kiwanda kuendesha ovaloki, ile mashine ya kufunga pindo, alikuwa akichovya andazi kwenye chai.

"Mbona mnaniangalia hivyo? Si aliniuliza habari? Sasa ningemjibu nini?"

"Ungemwambia kiwanda kimefungwa!"

"Kabla ya salamu?" Mama Ghati aliweka andazi chini. "Kwani wewe Flaviana ulilelewa wapi? Mtu anakupigia mara ya kwanza, hata hujajua watoto wake wako aje, unamrushia shida zako? Mimi ni king'ora cha ambulensi? Nilimwambia nzuri, nikangoja aniulize ya pili na ya tatu, tufike pole pole. Yeye akakata simu!"

Hapa sina budi kumtetea Mama Ghati, na asiyekubali anyooshe mkono. Nani kati yetu hajawahi kumkuta mgonjwa na sindano ya maji mkononi, akamuuliza habari za hapa, akajibiwa nzuri? Hata msibani tunaulizana habari za msiba, tunajibu nzuri tu. Shida huja baadaye, ikitanguliwa na neno moja dogo, ila. Asiye na subira ya kulingoja atatoka na habari nusu.

"Mwalimu wangu wa chuo alinifundisha nzuri," Jabali alisema kwa unyonge. "Hakunifundisha kungoja."

"Basi leo utaona," Leonard alisema. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, mkata vitambaa, mtu wa kofia na maneno machache. "Bwana Jabali, anza upya. Uliza, kisha nyamaza. Vraiment, kweli kweli, nyamaza."

Jabali alifungua kalamu, akajikohoza.

"Mama Ghati, habari za kazi?"

"Nzuri."

Kalamu ilishaanza kusogea. Leonard akaukamata mkono wake hewani.

"Ngoja, monsieur."

Wakangoja. Mama Ghati alikunywa chai funda moja, akaifuta midomo, akatazama dirishani ambako basi lilikuwa likimshusha mtu na toroli la nguo za kufua. Jabali alitoka jasho la kukaa kimya.

"Nzuri," Mama Ghati alirudia taratibu, "ila kazi yenyewe haipo."

Ikawa kama mtu aliyefungua bomba. Mama Ghati alisema jinsi oda zilivyoanza kupungua, jinsi mashine zilivyohamishwa mbele ya macho yao kupelekwa mnadani, jinsi mwenye kiwanda alivyowaambia wateja wanapata majoho ya nje kwa nusu ya bei na yeye hawezi kushindana. Alisema mpaka jinsi alivyolia chooni siku ya mwisho, kisha akamtazama Jabali kwa macho makali, akamwambia hilo la choo asiliandike. Jabali alilikata kwa mistari miwili.

"Sasa ombi limepona?" Flaviana aliuliza. Yeye ana lake analolingojea.

Msomaji wa zamani analijua. Flaviana anataka kuwa fundi wa ngazi za umeme. Ndiyo, zile zinazokupandisha huku umesimama. Kituo cha Metro cha Wheaton kina ngazi ndefu mpaka anayepanda anaweza kumaliza rozari, na siku moja alipokuta zinafanyiwa matengenezo, alisimama kumtazama fundi aliyezifungua tumbo, akasahau kwenda nyumbani. Minyororo, magurudumu, meno yanayoshikana. Aliona ni cherehani kubwa, akapenda. Nafasi ya shule ameshapewa, masomo yanaanza Julai, na bila msaada huo ada hana. Watu wazima wamemcheka, na wanaume wawili wamemwambia mikono yake ni laini. Hao hawajawahi kushona velveti.

"La salamu limepona," Jabali alisema, "lakini limebaki kubwa zaidi."

Alifunga kalamu. Flaviana hakuipenda namna alivyoifunga.

"Kawaida yetu tunawauliza wateja wa kiwanda kama waliacha kununua kwenu wakanunua bidhaa za nje. Wateja wadogo majibu yao hayatoshi. Mteja wenu mkubwa kuliko wote amejibu kwamba hakununua chochote kutoka nje. Aliacha tu kununua."

"Mteja gani huyo?"

"La hasha, siwezi kumtaja. Ni siri. Lakini ikiwa yeye hakununua kutoka nje, ombi lenu halina miguu. Nami nalazimika kufunga kazi hii Alhamisi."

Mama Ghati alimfungia mandazi kwenye karatasi ya alumini. Jabali aliyakataa kwa heshima zote, maana mchunguzi haruhusiwi kupokea zawadi, ingawa matatu alikuwa ameshakula. Mlango ukafungwa.

Watatu wakatazamana. Hakuna aliyehitaji kutajiwa.

"Clement," alisema Leonard.

"Clement," alisema Mama Ghati.

Msomaji, shika kiti chako. Clement ni mwenyekiti wa umoja wa kwaya zetu zote, kuanzia Baltimore mpaka Richmond, kwaya arobaini zinazovaa sare moja zikikutana. Oda ya majoho hutoka kwake. Ni mjane mwenye duka Langley Park, na mwenye besi ambayo akiishusha kwenye aleluya, vikombe vya sakramenti vinatetemeka. Na ni Clement huyohuyo ambaye mwezi uliopita washenga wake walikaa kwenye kochi hili hili, wakanywa soda, wakasema wameona ua wanataka kulichuma. Jibu linangojwa Jumapili hii.

"Clement hakununua," Flaviana alisema. "Yale majoho mapya ni zawadi. Askofu wa kule nyumbani aliyabariki akayatuma. Clement alitutangazia mwenyewe kanisani, mkasimama mkapiga vigelegele. Wewe Mama Ghati ulipiga kuliko wote."

"Nilipiga," Mama Ghati alikiri. "Na lile nililopewa likapasuka kwapani siku hiyo hiyo. Joho lililobarikiwa linapasuka kwapani?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Majoho mengi yalipasuka, na aliyeyashona upya, bure, usiku kwa usiku, huku akimwombea askofu heri, alikuwa Flaviana.

"Tumuulize," alisema Leonard.

"Ukimuuliza mtu mzima kama amesema uongo, atakujibu nini?" Mama Ghati alisimama, akajifunga kitenge vizuri. "Mimi sitamuuliza kitu. Mimi nitakwenda kushukuru."

*

Langley Park barabara imechimbwa kwa ajili ya reli mpya, na kupata pa kuegesha gari ni kama kupata mume Jumatatu asubuhi. Kesho yake Leonard aliwashusha wanawake wawili mbele ya duka, akabaki kwenye usukani akizunguka.

Duka la Clement lina kila kitu ambacho mtu wa kwetu hukililia ughaibuni. Unga wa muhogo, dagaa, majani ya chai, mafuta ya mawese, mpaka vibao vya mbuzi vya kukunia nazi. Clement alipomwona Flaviana alinyoosha kola ya shati, akasahau kumrudishia mteja chenji.

"Karibu, karibuni jamani! Mama Ghati, shikamoo. Flaviana... nilidhani jibu ni Jumapili."

"Marahaba mwanangu," Mama Ghati alijibu kabla Flaviana hajafungua mdomo. "Hatukuja kwa hilo. Tumekuja kwa aibu."

"Aibu gani tena?"

"Ya kupokea bila kushukuru. Askofu wa watu ametutumia majoho ya kwaya arobaini, na sisi hata ahsante? Kwani tulilelewa na fisi? Nimewaambia akina mama wote, wamekubali. Jumapili hii, misa ikiisha, tunampigia simu ya video. Tutaweka kwenye ile skrini kubwa. Kwaya itaimba, watoto watapunga mikono, na wewe mwenyekiti ndiye utaongea naye kwa niaba yetu."

Rangi ilimtoka Clement kuanzia kwenye paji la uso ikishuka.

"Askofu... ni mtu mwenye shughuli nyingi."

"Usijali. Mpwa wangu ameoa kwa jirani yake. Namba tunayo."

Namba hakuwa nayo. Mpwa yupo, ila ameoa Mombasa. Mama Ghati ataungama mwenyewe kwa wakati wake, mimi si padri.

"Tena nimeambiwa," aliendelea, "askofu mwenyewe anashangaa. Anauliza, majoho gani?"

Clement alishika meza ya duka. Mteja wa chenji aliona mambo yamegeuka, akachukua soda badala ya chenji yake, akatoka.

"Flaviana," alisema Clement kwa sauti iliyokuwa imepoteza besi yake yote, "naomba tuongee. Wawili."

"Ongea hapahapa," Flaviana alisema. "Mama Ghati ni sikio langu la pili."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Clement iliishia kwenye gunia la unga, ambalo aliliketia.

"Niliyanunua," alisema. "Kwenye mtandao, kutoka kiwanda cha ng'ambo. Hakuna askofu."

Friji ya samaki ilinguruma.

"Nilitaka tupendeze kwenye mkutano mkuu," aliendelea. "Kwaya arobaini, joho jipya kwa kila mtu. Kwa bei ya Manassas nisingefika hata nusu. Nikaona ya huko, bei yake kama njugu. Lakini mnawajua watu wetu. Ukiwaambia ni rahisi, hawavai. Wanasema mwenyekiti katuvisha mitumba mipya. Nikiwaambia yametoka nyumbani, yamebarikiwa, watayavaa mpaka wakilala. Basi nikasema hivyo. Nilikusudia kusema mara moja tu."

"Na serikali walipokuuliza?"

"Niliwajibu hatukununua, ni zawadi. Uongo ukishauzaa lazima uulee." Alimtazama Flaviana. "Sikujua kitafungwa. Nakuapia. Nilidhani Marekani ni kubwa, joho moja likipungua halimuui mtu."

"Hukununua joho moja, Clement. Umenunua ya kwaya arobaini."

Flaviana alidhani atapiga kelele. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kelele. Lakini kilichotoka kilikuwa kidogo na kilimuuma yeye mwenyewe. Kila Jumapili alikuwa anavaa nguo iliyomfukuza kazi, anaifunga vifungo, anaiimbia. Kidole kilichochomwa na sindano akishona kwapa za adui wake bado kilikuwa na alama.

"Nilikuwa nikujibu ndiyo," alisema. "Ulijua hilo? Nilikuwa nimeshalichagua na gauni."

Machozi yalimtoka, na hakuyaficha, kwa nini ayafiche? Clement alijifuta uso kwa kitambaa cha kupangusia meza. Hata Mama Ghati, aliyekuja kuwinda, aligeuka akajifanya anasoma bei za maharage.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona.

Halafu akageuka tena, maana Mama Ghati hakai na huzuni muda mrefu, ina gharama.

"Sasa mwanangu, Alhamisi Bwana Jabali anafunga kazi. Watu wote wa kile kiwanda wanangoja neno moja kutoka kinywani mwako. Utalisema?"

"Nikilisema, kwaya yote itajua."

"Jabali hatasema," alisema Flaviana. "Alikataa kukutaja hata kwetu. Yule ni kaburi."

"Na nyinyi?"

"Sisi si makaburi," alisema Mama Ghati bila kupepesa.

Clement alicheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa miguu yote miwili. Akatazama dagaa wake, akatazama picha ya kwaya ukutani, watu wote meno nje ndani ya majoho ya askofu asiyekuwepo. Akasimama kutoka kwenye gunia na unga umemganda suruali nyuma.

"Mpigie," alisema. "Jumapili nitawaambia kwaya pia, mwenyewe, kabla hamjaniwahi. Uenyekiti waukate wakitaka. Ila wewe, Flaviana, usinikate bado. Niache nining'inie."

Flaviana alipotoa simu, mkono ulikuwa mwepesi kidogo kuliko ulivyoingia.

*

Simu iliitikiwa mara moja. Flaviana akaiweka spika, akailaza juu ya meza katikati ya chumvi na kiberiti.

"Bwana Jabali, kuna mtu ana neno."

Clement alilisema lote. Hakukwepa, hakupunguza, na besi ilianza kumrudia katikati. Alitaja kiwanda cha ng'ambo, alitaja mwezi wa kwanza wa oda, akasema risiti anazo na atazituma sasa hivi. Upande wa pili kalamu ilisikika ikikimbia.

"Nakushukuru, Bwana Clement," alisema Jabali. "Umefanya jambo la kiungwana. Kwa maelezo haya, naona ombi limepata miguu miwili."

Mama Ghati alipiga kigelegele kilichomshtua mtu wa duka la jirani. Ngazi za umeme! Minyororo, magurudumu, meno yanayoshikana! Flaviana alijiona amevaa ovaroli, amepiga goti mbele ya tumbo lililofunguliwa, na wale wanaume wawili wanapita kwa miguu wakihema.

"Swali moja la mwisho," Jabali aliendelea. "Ni la kawaida tu. Je, majoho uliyonunua yanafanana na yale yaliyoshonwa Manassas?"

"Yanafanana?" Clement alisema, akiwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. "Bwana, ni yaleyale! Muuzaji alinihakikishia. Alisema wana karatasi zilezile za vipimo vya kukatia kitambaa za Manassas, kola, mikono, kila kitu. Ndiyo maana sikusita."

Kalamu ilisimama.

"Karatasi za kukatia?" Sauti ya Jabali ilikuwa imebadilika. "Una hakika alisema hivyo?"

"Hakika kabisa."

"Basi lazima niwaeleze jambo. Asubuhi ya leo mwenye kiwanda ametuandikia. Anadai kwamba karatasi hizo ziliibwa na mfanyakazi, zikatumwa ng'ambo. Anasema kilichokiua kiwanda si bidhaa za nje, ni mwizi wa ndani. Sikumwamini sana. Sasa sijui nimwamini nani."

Mlango wa duka ulilia. Leonard aliingia, funguo mkononi, akisema askari wa barabarani amemfukuza mara ya tatu na wanawake wafanye haraka. Maneno yalimfia mdomoni. Alikuwa amelisikia la mwisho.

Alivua kofia. Leonard havui kofia hata kwenye picha ya pasipoti. Wanaomfahamu wanadhani amezaliwa nayo.

"Ile si wizi," alisema. "Bwana Jabali, ni Leonard huyu. Ile karatasi hakuna mtu aliiba. Patron, mwenye kiwanda, mwenyewe alinituma. Alisemaka, Leonard, funga ile mapapier yote mu carton, ni ya kuonyesha rafiki yangu. Mimi nilifunga. Sikuuliza. Walipofunga kiwanda nikaelewa, na nikaona haya kusema. Mungu anisamehe."

"Wewe uliipeleka posta?"

"Apana. Mimi nilifunga tu."

"Ni nani aliyeipeleka?"

Leonard aliinua macho yake, yakapita kwa Mama Ghati, yakapita kwa Clement, yakatua kwa Flaviana, na yakakaa hapo kwa huruma ya kutisha.

Na hapo ndipo Flaviana alipokumbuka.

Boksi la kahawia. Utepe mpana wa gundi. Mwenye kiwanda amesimama mlangoni akitabasamu, Flaviana, wewe unapita posta ukienda nyumbani, nifanyie hisani, ni zawadi ya shangazi yangu aliye ng'ambo. Alilipakata kwenye treni kutoka Manassas kama anayebeba mtoto wa mtu. Alijisikia vizuri siku ile, kuaminiwa na tajiri. Posta walimuuliza nani mtumaji. Yeye hakuwa na anwani ya tajiri, foleni ilikuwa ndefu, akataja jina lake mwenyewe, akaweka sahihi, akamtakia shangazi mapokezi mema.

Kazi yake, na ya Mama Ghati, na ya wote, aliipeleka ng'ambo mwenyewe kwa mikono yake miwili.

"Hallo?" alisema Jabali kutoka mezani. "Bado mpo? Nauliza, ni nani aliyelituma boksi hilo?"

Clement alielewa kabla ya Mama Ghati. Alimpa Flaviana ishara kwa kidole, kata, kata simu. Kitufe chekundu kilikuwa pale, kinang'aa. Akikibonyeza, labda atapata siku ya kufikiri. Labda mwenye kiwanda hana ushahidi. Labda jina lake limefutika kwenye karatasi za posta. Na labda Leonard, aliyevua kofia kwa ajili ya kweli, ataitwa mwizi peke yake.

Flaviana aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Ni mimi, Bwana Jabali. Jina lililoandikwa ni langu."

Jabali alikaa kimya muda mrefu, na safari hii hakuwa akingoja neno lolote. Alipozungumza tena, Kiswahili chake kilikuwa kile kile kilichonyooka, ila upole wote umeondoka.

"Bi Flaviana, usiondoke hapo ulipo. Ninakuja. Na siji peke yangu."